Namna ya Kukaa Vizuri na Wapangaji wa Tumboni

Mwongozo huu ni wa kila mwenye tumbo. Tangu ulipozaliwa umekuwa mwenye nyumba, hata kama hujawahi kumiliki kiwanja. Una wapangaji ambao hukuandikishana nao mkataba, hujawahi kuwaona sura, na ukihama mji wanahama nawe. Hawalali, hawaendi likizo, na vurugu zao za huko chini wakati mwingine husikika hadi ghorofa ya juu kabisa, ndani ya fuvu. Ni bakteria wa utumbo mpana. Mwenye nyumba asiyewajua atawafukuza walio wema, atawanyima chakula waliobaki, kisha atampa hela dalali wa kwanza atakayemwambia kwamba ana wapangaji bora zaidi wa kumletea.

Anza kwa kuwahesabu, maana hata hesabu yao ilikosewa kwa miaka mingi. Vitabu vilirithishana kauli kwamba mwilini mwetu bakteria ni mara 10 ya seli zetu wenyewe. Mwaka 2016 Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo waliirudia hesabu hiyo upya, wakapata kwamba mtu mzima wa kilo 70 ana bakteria wapatao trilioni 38, na seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30. Ukiwakusanya wote na kuwaweka kwenye mizani, hawafiki robo kilo. Karibu wote wanakaa utumbo mpana. Tumboni penyewe, penye tindikali kali, wanaovumilia ni wachache. Kwa hiyo nyumba hii ni yenu nyote, karibu nusu kwa nusu, ila bili ya chakula ni yako.

Jambo la pili ni kujua habari zinavyopanda juu. Utumbo una neva zake wenyewe, seli mamia ya milioni, zilizotandazwa ukutani mwake kuanzia umio hadi mwisho wa safari. Mwaka 1998 Michael Gershon wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alizipa umaarufu kwa kuziandikia kitabu kizima na kuziita ubongo wa pili. Ubongo huo hautungi shairi wala haukumbuki deni. Kazi yake ni kusukuma chakula, kupima kilicho ndani na kuamua lini mlango ufunguliwe. Lakini haufanyi kazi hiyo kimyakimya. Kutoka utumboni hadi kwenye shina la ubongo kuna mshipa wa fahamu uitwao vagasi, na takriban nyuzi 8 kati ya kila 10 za mshipa huo hubeba taarifa za kupanda, si amri za kushuka. Ubongo unasikilizishwa habari za tumbo usiku na mchana.

Hapa kuna kauli moja inayosambazwa sana, nayo inahitaji kunyooshwa. Utaambiwa kwamba asilimia 90 ya serotonini, kemikali inayotajwa kila panapozungumzwa furaha, hutengenezwa utumboni. Kweli kabisa. Utaambiwa pia kwamba baadhi ya bakteria huziamsha seli za utumbo zitengeneze zaidi. Hilo nalo lilionekana kwa panya katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na kundi la Elaine Hsiao nchini Marekani. Kisicho kweli ni hitimisho linalofuata, kwamba serotonini hiyo inapanda ubongoni na kukufurahisha. Haipandi. Ubongo una kizuizi chake kati yake na damu, na serotonini ya utumboni haivuki. Ubongo hujitengenezea ya kwake. Ile ya chini ina kazi zake huko huko chini, ikiwamo kuusisimua huo mshipa wa vagasi.

Njia nyingine ni kinga ya mwili. Sehemu kubwa ya askari wa kinga wamepiga kambi kwenye ukuta wa utumbo, na bakteria ndio majirani zao wa kila siku. Ukuta ukidhoofika, kinga hucharuka, na kemikali za mcharuko zinazozunguka kwenye damu huubadilisha hata ubongo. Kumbuka ulivyokuwa siku ya homa: mvivu, mnyonge, hutaki kuona mtu. Huo si udhaifu wa moyo. Ni kinga ikiuambia ubongo utulie.

Na safari za barabara hii ya tumbo na ubongo ni za pande zote mbili. Mwaka 1822, kisiwani Mackinac nchini Marekani, kijana aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi ubavuni kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu lililoingia tumboni halikuziba. Daktari wake, William Beaumont, alifunga vipande vya chakula kwa uzi wa hariri, akavishusha kwenye tundu hilo, akavivuta tena kuona vimesagwa kiasi gani. Katika kitabu alichotoa mwaka 1833 aliandika kwamba mgonjwa wake akikasirika, mmeng'enyo unaharibika. Kwa hiyo ugomvi wa mezani una gharama mbili. Waache watoto wale kwanza, hesabu ya ada mtaipiga baadaye.

Tukitoka hapo tunaingia kwenye sehemu ngumu, ya kujua nani wa kumwamini.

Mwaka 2004 Nobuyuki Sudo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, waliwachunguza panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja. Walipobanwa mahali pamoja, homoni zao za msongo zilipanda kupita za panya wa kawaida. Walipopandikizwa bakteria wangali wadogo, hali hiyo ilipungua. Walipocheleweshwa, haikurekebishika vivyo hivyo. Mwaka 2011 kundi la John Cryan na wenzake huko Cork, Ayalandi, likawapa panya aina moja ya bakteria wa maziwa, *Lactobacillus rhamnosus*. Panya hao wakapungukiwa na woga. Watafiti wakakata mshipa wa vagasi kwa wengine, na kwao nafuu hiyo haikuonekana. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba, kwa panya, ujumbe ulikuwa unapita kwenye mshipa huo.

Madalali wakashangilia. Kilichofuata hawakukitangaza. Mwaka 2017 kundi lile lile la Cork lilitoa matokeo ya kuwapa bakteria wale wale wanaume 29 wenye afya, katika jaribio la wiki 8. Hawakutofautiana na walipomeza vidonge visivyo na kitu: msongo ule ule, kumbukumbu ile ile, hali ya moyo ile ile. Wanasayansi hao walichapisha kushindwa kwao bila kuficha, na kwangu hiyo ndiyo heshima ya taaluma. Walichokiona kwa panya kilikuwa cha kweli. Kwa binadamu wale hakikutokea.

Basi ukikutana na muuza kopo anayedai unga wake una bakteria wa kumwongezea mwanao akili za mtihani, mwulize maswali matatu: ni bakteria wa aina gani kwa jina kamili, walijaribiwa kwa watu gani, na walilinganishwa na nini? Akianza kukusimulia panya, funga mkoba wako. Akikutajia usonji, funga na mlango. Wazazi wenye watoto wenye usonji wamelipishwa fedha nyingi kwa ahadi za kusafisha tumbo ili mtoto aongee. Utafiti uliotoka Australia mwaka 2021 ulionyesha mambo yakienda kinyume na ahadi hizo: watoto wengi wenye usonji huchagua vyakula vichache sana, na uchache huo wa chakula ndio unaopunguza aina za bakteria tumboni. Mtoto yule anahitaji mwalimu wa kumfundisha kuwasiliana, subira ya wazazi na daktari wa kweli. Kumtia dawa za kuharisha ni ukatili, hata ukifanywa kwa mapenzi.

Sasa chakula. Wapangaji wako hawapati sana nyama ya kuchoma wala soda. Hivyo karibu vyote wewe unavimaliza juu, kwenye utumbo mwembamba. Wao wanaishi kwa kile kinachokushinda kumeng'enya, yaani nyuzinyuzi: maganda ya kunde, pumba ya mahindi, mashina ya mchicha, ndizi mbichi, mtama, ulezi, ubuyu. Wakizila, wanalipa kodi. Wanatengeneza asidi ndogondogo, mojawapo butireti, ambayo ndiyo nishati kuu ya seli za ukuta wa utumbo mpana. Ukuta ukishiba, unakaa imara, na kinga hutulia. Mwenye nyumba anayekula sembe nyeupe asubuhi, mchana na jioni anawanyima chakula halafu anashangaa kodi haiji. Mahindi yakikobolewa, pumba na kiini vinakwenda kwa kuku, na kuku wananufaika kuliko mwenye shamba. Rudi kwenye dona.

Anayetaka kuona tofauti ya ulaji awatazame Wahadzabe, wawindaji wa bonde la ziwa Eyasi nchini Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha Wahadzabe 27 na Waitaliano 16 wa mjini Bologna, na Wahadzabe wakaonekana kuwa na aina nyingi zaidi za bakteria. Mwaka 2017 ukatoka utafiti mwingine ulioonyesha kwamba jamii za bakteria wao hubadilika na misimu: baadhi hupungua hadi kutoonekana wakati wa mvua, wakati wa asali na matunda ya porini, kisha hurudi kiangazi. Mizizi, ubuyu, asali, nyama, kila kimoja kwa msimu wake. Sisemi uhamie porini. Nasema tumbo la binadamu limezoea karamu yenye vyakula vingi, si sahani moja mwaka mzima.

Na kama mfano wa Eyasi ni wa mbali, uko wa Moshi. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walitoa matokeo ya jaribio la chakula kwa wanaume vijana 77 wa Kilimanjaro. Wa vijijini walipewa soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki mbili. Wa mjini walirudishiwa vyakula vya asili: ndizi, maharage, mboga za majani, nafaka zisizokobolewa. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Dalili za mcharuko zilipanda kwenye damu ya waliopewa chipsi, zikashuka kwa waliorudi kwenye chakula cha bibi, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Utafiti huo haukupima fikra wala furaha, na asikudanganye mtu. Ulipima kinga. Lakini kinga ndiyo mojawapo ya njia zinazofika ubongoni, na wiki mbili ni muda mfupi mno.

Walau jaribio moja lilipima hali ya moyo yenyewe. Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake wa Australia walichapisha matokeo ya watu 67 wenye sonona, wengi wao wakiwa tayari kwenye matibabu. Nusu walisaidiwa na mtaalamu wa lishe kula mboga, kunde, samaki na nafaka kamili. Nusu nyingine walipata mtu wa kuzungumza naye tu. Baada ya wiki 12, asilimia 32 ya kundi la chakula walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8 ya wenzao. Jaribio lilikuwa dogo, na kila mshiriki alijua yuko kundi gani, kwa hiyo lichukue kwa kiasi. Nalichukulia hivi: chakula kizuri kikae pembeni ya dawa, kisichukue nafasi yake. Mwenye sonona asiache vidonge alivyoandikiwa kwa sababu kaka yake amesoma habari za bakteria.

Anza polepole. Aliyekula chipsi miaka mitano akivamia sahani ya maharage ya familia nzima, wapangaji watafanya sherehe, na sherehe yao ni gesi. Ongeza kidogo kila siku chache. Loweka maharage usiku kucha na umwage maji yale.

Baada ya nyuzinyuzi, wakaribishe wageni. Chakula kilichochachushwa huingiza bakteria hai, na hata wasipoweka makazi, kupita kwao kuna faida. Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha mwaka 2021 jaribio la watu wazima 36: waliokula vyakula vya kuchacha kwa wiki 10 waliongezeka aina za bakteria, na viashiria kadhaa vya mcharuko vikashuka. Sisi hatuhitaji kununua chochote cha kutoka mbali. Togwa iko. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe hadi uweze kutia kidole bila kuungua, unatia kimea cha ulezi, unakoroga. Ndani ya muda mfupi uji mzito unalegea na kuwa maji, kwa sababu kimea kinavunja wanga. Unaufunika. Kesho yake harufu imebadilika, juu kuna vipovu vidogo, na ukionja unakuta utamu unaoelekea uchachu. Hapo unywe kama ulivyo. Ukiuchemsha tena unaua ulichokisubiri usiku kucha. Kadhalika mtindi, na mursik ya Wakalenjin iliyogandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa. Ila maziwa yachemshwe kwanza, kisha yagandishwe. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na bakteria wa bruselosi, na huyo si mgeni wa kumkaribisha.

Kuhusu kufukuza wapangaji, sheria ni fupi. Usinywe antibayotiki kwa mafua. Mafua ni virusi, na dawa hiyo haivigusi. Inachofanya ni kupita utumboni ikifyeka wema na wabaya pamoja, na wanaobaki ndio sugu. Usinunue vidonge vinne dukani kwa sababu hela imeishia hapo. Lakini daktari akikuandikia kwa nimonia au maambukizi ya damu, meza zote kama ulivyoagizwa. Afadhali nyumba tupu kuliko mwenye nyumba maiti.

Nimeweka mwisho sehemu ninayotaka uisome mara mbili, kwa sababu hapa hatuko tena kwa panya wala kwenye matumaini. Hapa bakteria wa utumbo wanamwondolea mtu akili, na madaktari wanajua namna ya kuirudisha.

Bakteria wanapovunja protini hutoa amonia. Karibu damu yote inayotoka utumboni hupita kwenye ini kwanza, na ini huigeuza amonia kuwa urea, ambayo hutoka kwa mkojo. Ini likijaa makovu kwa sababu ya homa ya ini au pombe (mbege nayo ni pombe, asijitetee mtu kwa utafiti wa Moshi), amonia hupita bila kuguswa hadi kichwani. Mwaka 1893, katika maabara ya mwanafiziolojia Ivan Pavlov huko St. Petersburg, Urusi, mbwa waliotengenezewa mkondo wa damu unaolikwepa ini walipewa nyama, wakapepesuka, wakapofuka kwa muda, wengine wakaanguka kifafa.

Kwa binadamu huanza taratibu. Baba analala mchana na kukesha usiku. Anavaa shati nje ndani na hajali. Mtu aliyefanya biashara miaka 30 anashindwa kurudisha chenji. Mpole anatukana. Saini yake haifanani na ya mwezi jana. Daktari humwambia anyooshe mikono mbele na kuviinua viganja. Baada ya sekunde chache viganja vinadondoka, vinainuka, vinadondoka tena. Nyumbani, wakati huo, ndugu wameshakubaliana kwamba amerogwa, na siku za matibabu zinaishia kwa mganga.

Dawa yake kuu ni laktulosi, maji mazito matamu. Ni sukari ambayo mwili hauwezi kuimeng'enya, kwa hiyo inafika nzima kwa wapangaji. Wanaila, wanatoa asidi, na ndani ya asidi hiyo amonia hugeuka kuwa hali isiyoweza kupenya ukuta. Inatoka na choo. Kipimo hupangwa ili mgonjwa apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Ikibidi huongezwa antibayotiki ya kubaki utumboni, rifaksimini. Wengi huanza kuwatambua watoto wao ndani ya siku chache. Mtu amelishiwa bakteria wake sukari, na fahamu zimemrudia.

Kwa anayemuuguza mtu wa namna hii: usiache afunge choo, kwani hilo peke yake laweza kumrudisha kwenye kuchanganyikiwa. Usimpe dawa za usingizi ulizokopa kwa jirani. Choo kikiwa cheusi kama lami, au homa ikipanda, mkimbize hospitali usiku huo huo. Wala usimnyime maharage, samaki na mayai kwa kuogopa protini. Ushauri huo wa zamani umeachwa, kwa sababu uliwakondesha wagonjwa bila kuwaponya.

Na kwa asiye mgonjwa bado: homa ya ini B ni chanzo kikubwa cha maini yenye makovu katika nchi zetu, na mtu hukaa nayo miaka bila dalili. Chanjo yake iliingizwa kwenye chanjo za watoto Tanzania, Kenya na Uganda mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, inawezekana sana hukuipata. Nenda kapime. Ukikutwa huna, chanjwa. Kwa kawaida ni sindano tatu, na usiishie ya kwanza.